Mkataba wa Ajira na Sheria za Kazi: Maswali Wanayouliza Sana Wanafunzi wa Masomo ya Biashara

Nimefundisha mada hii kwa muda mrefu, na maswali ni yaleyale kila mwaka. Nimeyajibu hapa kwa kufuata misingi inayokutana katika sheria za nchi nyingi. Mambo kama idadi ya siku za notisi, kima cha chini cha mshahara au urefu wa likizo hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo hayo utayasoma katika sheria ya kazi ya nchi yako.

Mimi nasoma biashara, si uwakili. Sheria ya kazi inanihusu nini?

Inakuhusu mara mbili. Siku utakapomwajiri mtu wa kwanza, hata akiwa mmoja tu wa kukusaidia dukani, tayari umeingia ndani ya sheria hii, uwe unaijua au huijui. Biashara ndogo nyingi hujikuta zikilipa fidia kwa sababu mwenye biashara hakujua kwamba alipaswa kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumwondoa, wala hakuwa na nia mbaya.

Mara ya pili ni kwamba wengi wenu mtaajiriwa kabla hamjaajiri. Utawekewa karatasi mezani na kuambiwa "saini hapa, hapa na hapa". Ningependa siku hiyo uwe mtu anayesoma.

Mkataba wa ajira ni nini hasa? Bila karatasi, upo?

Upo. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote: mwanafunzi anaandika kwamba mfanyakazi "hakuwa na mkataba" kwa sababu hakusaini chochote. Mkataba ni makubaliano, na karatasi ni ushahidi wa makubaliano hayo.

Kama mikataba mingine, mkataba wa ajira unahitaji upande mmoja utoe pendekezo, upande wa pili ulikubali, kila mmoja atoe kitu (huyu kazi, yule ujira), wote wawe na nia ya kufungana kisheria, na wawe na uwezo wa kisheria wa kufanya hivyo. Kazi yenyewe nayo iwe halali. Mtu akiambiwa "njoo kesho saa mbili asubuhi, nitakulipa kila mwisho wa wiki", akaja, akafanya kazi, akalipwa, mkataba umekamilika.

Taabu ya mkataba wa mdomo inakuja pale mnapokosana. Kila mmoja anakumbuka anavyotaka. Hapo ndipo zinapotafutwa jumbe za simu, kumbukumbu za malipo ya benki, daftari la mahudhurio, kitambulisho cha kazini, hata orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Kwa sababu hiyo sheria za nchi nyingi humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya msingi ya ajira kwa maandishi. Angalia wajibu huo uko kwa nani: uko kwa mwajiri. Akishindwa kuandika, hawezi baadaye kujikinga kwa kusema hakukuwa na mkataba.

Nitamtofautishaje mfanyakazi na mkandarasi huru?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake linaamua karibu kila kitu kingine. Mfanyakazi anapata likizo ya malipo, kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo, michango ya hifadhi ya jamii na fidia akiumia kazini. Mkandarasi huru anajitegemea: anatoza bei yake, anabeba hasara yake, na analipa kodi zake mwenyewe. Ni rahisi kuona kwa nini mwajiri asiye mwaminifu anapenda kumwita kila mtu mkandarasi.

Mahakama hazitazami jina lililoandikwa juu ya karatasi, zinatazama uhusiano wenyewe ulivyo. Nani anapanga saa za kazi? Nani anaamua kazi ifanywe vipi? Vifaa ni vya nani? Je, mtu huyu anaweza kumtuma mwingine afanye badala yake? Faida ikipatikana ni ya nani, na hasara je?

Kesi mbili za Uingereza zinafaa kusomwa kwa pamoja. Ya kwanza ni Ready Mixed Concrete ya mwaka 1968. Dereva alikuwa akibeba zege kwa lori alilokuwa akilinunua kwa awamu, lililopakwa rangi za kampuni, huku yeye amevaa sare ya kampuni. Ukimtazama barabarani ungesema ni mfanyakazi. Lakini aliruhusiwa kuweka dereva mwingine, aligharimia matunzo ya lori mwenyewe, na hasara ya biashara ilikuwa juu yake. Mahakama iliamua kuwa ni mkandarasi huru. Ya pili ni ya Uber, kampuni ya usafiri unaoitwa kwa simu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2021. Nyaraka zilisema madereva wanajitegemea. Mahakama ikaona kwamba nauli inapangwa na kampuni, masharti yanaandikwa na kampuni, na dereva anayekataa safari nyingi anaadhibiwa na mfumo. Ikaamua kwamba madereva wale wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Hata hivyo haikuwaweka katika kundi la waajiriwa kamili. Sheria ya Uingereza ina kundi la katikati, na humo ndimo walimowekwa. Wanafunzi wengi hukosea sehemu hiyo.

Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa Pendekezo Namba 198 mwaka 2006 likisisitiza jambo hilohilo: hali halisi ya kazi ndiyo itazamwe kwanza.

Mikataba ya ajira iko ya aina ngapi?

Kuna mkataba usio na kikomo cha muda, ambao watu huuita ajira ya kudumu. Kuna wa muda maalumu, unaokwisha tarehe iliyotajwa, na wa kazi maalumu, unaokwisha kazi ikikamilika. Kuna ajira ya saa chache kwa wiki, na kuna kibarua cha siku. Nchi nyingine zina mkataba usioahidi saa zozote: mfanyakazi anaitwa anapohitajika tu.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni mkataba wa muda maalumu unaohuishwa tena na tena. Mtu akisaini mwaka mmoja mara sita mfululizo kwa kazi ileile, sheria za nchi nyingi zitauliza kama kweli kazi hiyo ni ya muda. Nyingine zinaweka kikomo cha idadi ya kuhuisha, na nyingine zinampa mfanyakazi haki ya kudai kwamba alikuwa na matarajio ya msingi ya kuendelea.

Nikipewa mkataba, nianze kusoma wapi?

Usianzie kwenye mshahara, kwani huo utauona tu, umeandikwa kwa herufi nzito.

Aliyekuwa mwanafunzi wangu aliwahi kuniletea barua ya ajira ya kurasa nne, furaha imemjaa, kalamu mkononi. Tukaisoma pamoja kwa penseli. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi: cheo, mshahara, tarehe ya kuanza. Ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi mbili. Moja ilisema kipindi cha majaribio "kinaweza kurefushwa kadiri mwajiri atakavyoona inafaa". Nyingine ilisema saa za kazi zitakuwa "kulingana na mahitaji ya biashara". Nikamuuliza: "Kwa sentensi hizi, utakuwa mfanyakazi kamili lini? Na utatoka kazini saa ngapi?" Akanyamaza, akasoma tena, akaweka kalamu chini.

Aliandika barua fupi ya adabu akiomba mambo hayo mawili yatajwe kwa namba. Wiki iliyofuata alirudishiwa mkataba: majaribio yasiyozidi miezi sita, saa za wiki zimetajwa, na saa za ziada zitalipwa. Hakuna aliyemkasirikia. Mara nyingi sentensi za namna hiyo hunakiliwa tu kutoka mkataba wa zamani, na mwajiri mwenyewe hajazitafakari.

Kwa hiyo soma kwanza maneno yasiyo na kipimo: "wakati wowote", "kadiri itakavyofaa", "na kazi nyingine yoyote". Kisha soma namna ya kutoka, yaani notisi, sababu za kusitisha mkataba, na kile unachokatazwa kufanya ukishaondoka. Mshahara uusome mwisho.

Je, kuna masharti ambayo hayajaandikwa lakini yanatufunga?

Yapo, na ni mengi. Hata kama mkataba haukusema neno, mwajiri ana wajibu wa kulipa kwa wakati, kuweka mahali salama pa kazi, na kutomtendea mfanyakazi kwa namna inayovunja imani kati yao. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kutii maagizo halali, kufanya kazi kwa uangalifu, kuwa mwaminifu na kutunza siri za mwajiri. Sisitiza neno *halali*: mhasibu anayeagizwa kuandika hesabu za uongo hana wajibu wa kutii.

Juu ya hayo kuna sakafu ya sheria. Pande mbili zinaweza kukubaliana masharti yaliyo bora kuliko sakafu hiyo, si yaliyo chini yake. Kama sheria inatoa siku kadhaa za likizo na mkataba unataja pungufu, kifungu hicho hakina nguvu, hata kama mfanyakazi alisaini akiwa na akili timamu na mashahidi wawili.

Kwa nini serikali iingilie makubaliano ya watu wazima wawili?

Kwa sababu watu hao wawili hawana nguvu sawa. Mwajiri akikosa mfanyakazi mmoja anatafuta mwingine, lakini mfanyakazi akikosa kazi hana cha kula. Makubaliano yanayofikiwa katika hali hiyo yanaweza kuwa huru kwa maneno tu.

Historia imeandika jambo hili kwa damu. Tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York. Kiwanda kilikuwa katika ghorofa za juu, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Miongoni mwa walioshuhudia kutoka mtaani alikuwa Frances Perkins, ambaye mwaka 1933 alikuja kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani. Karne moja baadaye, Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliambiwa warudi ndani. Waliokufa walizidi 1,100. Wote hao walikuwa wameingia kazini "kwa hiari".

Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, na mkataba wake wa kwanza kabisa wa kimataifa (yaani makubaliano ya nchi na nchi, si mkataba wa ajira) ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Mwaka 1944, katika Azimio la Philadelphia, shirika hilo lilitamka kwamba kazi si bidhaa. Mwaka 2022 mazingira salama na yenye afya yaliongezwa katika orodha ya haki za msingi kazini. Ukiulizwa shabaha ya sheria ya kazi, anza na mlango ule uliofungwa.

Mwajiri anaweza kukata mshahara wangu?

Kwa sababu zinazotambuliwa na sheria, ndiyo: kodi, michango ya hifadhi ya jamii, amri ya mahakama, au mkopo ulioukubali kwa maandishi. Kukata kwa sababu tu glasi imevunjika au mauzo yameshuka ni jambo jingine kabisa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 95 wa mwaka 1949 unataka mshahara ulipwe kwa fedha halali, kwa vipindi vinavyoeleweka, na makato yafuate sheria au makubaliano ya pamoja. Zamani kuna waajiri waliolipa kwa vocha za duka lao wenyewe, mshahara ukarudi mfukoni mwao kabla ya jioni.

Jizoeze kusoma hati ya malipo kutoka juu kwenda chini: mshahara wa msingi, posho, saa za ziada, jumla kabla ya makato, makato moja moja, kisha unachobaki nacho. Kila mstari wa makato uwe na jina. Ukikuta "mengineyo", uliza.

"Malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa" si sawa na "malipo sawa kwa kazi ileile"?

Si sawa, na tofauti hiyo hubeba alama. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 100 wa mwaka 1951 unazungumzia *thamani*. Chukua kampuni ambamo wanaume wako ghalani na wanawake wako kwenye usafi na upishi. Hakuna anayefanya kazi ileile na mwingine, kwa hiyo kipimo cha "kazi ileile" hakitaona ubaguzi wowote. Kipimo cha thamani kinauliza kila kazi inadai ujuzi gani, nguvu kiasi gani, wajibu upi na katika mazingira gani, na hapo pengo la mshahara linaweza kuonekana.

Mwajiri akibadilisha mkataba bila kuniuliza?

Mabadiliko ya masharti ya msingi (mshahara, saa, cheo, mahali) yanahitaji ridhaa yako. Lakini kukaa kimya na kuendelea kufanya kazi kunaweza kuhesabiwa kuwa umekubali. Kama hukubali, sema mapema na uandike.

Ni lini kufukuzwa kazi kunakuwa halali?

Shika mambo mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Vyote viwili. Mwajiri mwenye sababu nzuri kabisa anaweza kushindwa kesi kwa kuruka utaratibu.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 158 wa mwaka 1982 unataja makundi matatu ya sababu: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, na mahitaji ya uendeshaji wa biashara. Unataja pia sababu ambazo kamwe si halali, kama vile kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria, ujauzito, dini, rangi au maoni ya kisiasa.

Tazama kisa hiki. Mtunza stoo anakuta hesabu haziendani. Katoni kumi hazionekani. Saa nne asubuhi anaitwa ofisini, anakabidhiwa barua: umesimamishwa kazi na ajira yako imekoma leo. Huenda kweli aliiba. Lakini hakuambiwa tuhuma kabla, hakupewa muda wa kuandaa majibu, hakuruhusiwa kuja na mwenzake au mwakilishi, na aliyetoa tuhuma ndiye aliyeandika uamuzi. Laiti angesikilizwa, pengine angeonyesha kwamba ufunguo wa stoo wanao watu watatu. Utaratibu ndio njia ya mwajiri ya kujua ukweli kabla hajaharibu maisha ya mtu, na wanaoudharau kama makaratasi hawajawahi kukaa upande ule wa meza.

Si nchi zote zinafuata njia hii. Katika sehemu kubwa ya Marekani ajira ni ya hiari ya pande zote: mwajiri anaweza kuisitisha bila kutoa sababu, mradi isiwe sababu iliyokatazwa na sheria, kama ubaguzi. Jimbo la Montana ndilo lililotofautiana, kwa sheria yake ya mwaka 1987 inayotaka sababu ya msingi baada ya kipindi cha majaribio.

Kujiuzulu kunaweza kuhesabiwa kuwa kufukuzwa?

Ndiyo. Mwajiri akikunyima mshahara miezi mitatu, akakuhamishia dawati koridoni, akakuondolea majukumu yote mpaka ukaandika barua ya kuacha, sheria za nchi nyingi zitasema wewe hukuacha, ulisukumwa. Ni lazima uonyeshe kwamba uvunjaji ulikuwa mkubwa na kwamba uliondoka kwa sababu hiyo, bila kukawia mno.

Na kupunguzwa kazi?

Hapo mfanyakazi hana kosa. Nafasi yake ndiyo imekufa. Kwa hiyo sheria hudai mashauriano mapema, vigezo vya haki vya kuchagua nani aondoke, na mara nyingi malipo ya kiinua mgongo. Mwajiri anayempunguza mtu Ijumaa na kutangaza nafasi ileile Jumatatu amejianika mwenyewe.

Kifungu kinachonikataza kufanya kazi kwa mshindani kina nguvu?

Inategemea upana wake. Katika kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby ya mwaka 1916, mhandisi alikatazwa kushindana na mwajiri wake wa zamani kwa miaka 7 katika Uingereza yote. Mahakama ilikataa kukitekeleza kifungu hicho. Siri za biashara na wateja ni mali ya mwajiri na anaweza kuzilinda, lakini ujuzi uliojengeka mikononi mwa mfanyakazi ni wa mfanyakazi. California ilikwenda mbali zaidi: makatazo ya aina hii hayana nguvu huko tangu mwaka 1872.

Chama cha wafanyakazi kinaingiaje kwenye mkataba wangu binafsi?

Kupitia makubaliano ya pamoja, au mkataba wa hali bora kama wengi wanavyouita. Chama kinajadiliana na mwajiri, na kinachokubaliwa kinaingia katika mikataba ya wanaohusika. Haki ya kujiunga imo katika Mkataba Namba 87 wa mwaka 1948, na haki ya kujadiliana kwa pamoja imo katika Namba 98 wa mwaka 1949.

Unyanyasaji wa kijinsia kazini ni suala la mkataba kweli?

Ni suala la sheria ya kazi moja kwa moja. Mkataba Namba 190 wa mwaka 2019 unamlinda hata anayeomba kazi, aliye kwenye mafunzo, na aliyekwisha kuachishwa, na unahusu pia safari za kikazi na mawasiliano ya simu. Anayenyanyaswa aandike tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, siku hiyohiyo.

Nijibuje swali la mtihani lenye kisa?

Usikimbilie hukumu. Sema kwanza suala la kisheria ni lipi, kisha taja kanuni, kisha chukua ukweli mmoja mmoja uliopewa na uupime kwa kanuni hiyo, ndipo uamue.

Mfano: fundi anashona nguo za kampuni moja kwa miaka minne. Cherehani ni ya kampuni, anaingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, analipwa kwa kila nguo, na karatasi yake inasema "mkandarasi". Ameachishwa kwa ujumbe wa simu baada ya kusema ni mjamzito. Jibu dhaifu linasema "amefukuzwa kinyume cha sheria" na kuishia hapo. Jibu zuri linauliza kwanza kama ni mfanyakazi. Cherehani si yake, saa hapangi yeye, na miaka minne ni mingi. Malipo kwa kila nguo yanavutia upande wa ukandarasi kidogo, lakini wafanyakazi wengi wa viwandani hulipwa hivyo. Jina kwenye karatasi haliamui. Ukishafika hapo, ndipo useme kwamba sababu iliyotumika ni miongoni mwa zile zilizokatazwa, na kwamba ujumbe wa simu haukumpa nafasi ya kusikilizwa. Kisha taja anachoweza kudai: kurudishwa kazini, au fidia, pamoja na notisi na likizo ambazo hakuwahi kulipwa kwa miaka yote minne.